Rimu mpya, stelingi inatetemeka, gari inavuta kushoto: nirudie alaimenti?

"Shikamoo fundi. Nina Toyota Premio ya 2008, ilikuja na rimu za chuma inchi 15, tairi 195/65. Mwezi uliopita nikanunua rimu za spoti inchi 17 na tairi mpya 215/45. Waliofunga walifanya balansi palepale wakaniambia lazima niende alaimenti sababu rimu mpya zimeshavuruga alaimenti. Nikaenda, dakika kumi tu wakasema tayari, ila kemba (ulalo wa gurudumu) ya mbele kushoto inaonyesha nyekundu kwenye mashine, ninunue bolti za kurekebishia. Sasa gari ikifika 90 stelingi inatetemeka, ikipita 110 inapungua, na barabarani inavuta kushoto kidogo kidogo. Halafu stelingi imekaa upande wakati naenda moja kwa moja, zamani haikuwa hivyo. Jamaa mmoja ananiambia nirudie alaimenti sehemu nyingine, mwingine anasema balansi na alaimenti ni kitu kimoja nisipoteze hela. Na vibano vya ile mashine vimenikwaruzia rimu moja. Nifanye nini?"

Marahaba ndugu yangu. Pole kwa hiyo rimu, najua inavyouma, unajibana miezi kadhaa halafu mtu anakuja na kibano cha chuma ndani ya dakika mbili kashaacha alama yake.

Nilivyokuelewa mimi, una malalamiko matatu ila umeyafunga kwenye mzigo mmoja ukaupa jina moja, alaimenti. Stelingi inatetemeka kwenye 90, gari inavuta kushoto, stelingi imekaa upande. Hayo ni magonjwa matatu, na ukienda kurudia alaimenti kesho asubuhi utalipa mara ya pili, utaponya moja, utarudi nyumbani na mawili. Kwa hiyo usirudie kwanza, utarudia mwishoni.

Tuanze na hilo la rimu kuvuruga alaimenti maana limesemwa sana mpaka watu wanaliamini. Rimu mpya hazivurugi alaimenti. Alaimenti ni pembe za habu, yaani kile chuma ambacho rimu inakaa juu yake, na habu inashikiliwa na shokapu, amu, bushi, boljointi na tairodi, ile fimbo inayotoka kwenye stelingi. Ukifungua nati tano ukatoa rimu moja ukaweka nyingine hujagusa hata kimoja kati ya hivyo. Ni sawa na mtu mwenye matege kubadilisha viatu, matege yako palepale.

Sasa mbona mimi mwenyewe mteja akifunga tairi mpya namwambia apite alaimenti? Kwa sababu ya hayohayo matege. Kama miguu ilikuwa inakula kisigino cha kiatu cha zamani itakula na hiki kipya, tofauti ni kwamba hiki umekinunua kwa hela nyingi zaidi na kina soli nyembamba zaidi. Aliyekwambia uende alaimenti alikushauri vizuri, sababu aliyokupa ndo haikuwa ya kweli, na ubaya wa sababu isiyo ya kweli ni kwamba ukiona tatizo bado lipo unadhani alaimenti ndo imeshindikana, wakati haikuwa kazi yake tangu mwanzo. Ungekuwa umeishusha gari kwa springi fupi hapo ningesema kitu kingine, kushusha gari kunabadilisha pembe kweli na alaimenti inakuwa lazima. We umebadili rimu na tairi tu.

Na yule anayesema balansi na alaimenti ni kitu kimoja, mwambie hapana. Balansi ni uzito wa gurudumu lenyewe, lizunguke bila upande mmoja kuwa mzito kuliko mwingine, na kwa kawaida inafanyika gurudumu likiwa nje ya gari. Alaimenti ni gurudumu linaangalia wapi likiwa kwenye gari. Gurudumu linaweza kuwa na balansi safi kabisa huku linaangalia mtaroni.

Mtetemo wako basi. Unakuja kwenye 90 unapungua kwenye 110, na unausikia kwenye stelingi. Hiyo ni tabia ya gurudumu la mbele lisilozunguka sawa, ingekuwa la nyuma ungeusikia zaidi kwenye kiti. Na ungekuja ukikanyaga breki tu ningesema diski. Alaimenti haitetemeshi stelingi kwa mtindo huu, hilo liondoe kichwani.

Watu wanadharau balansi kwa sababu vile vyuma wanavyobandika ni vidogo, gramu 10, gramu 30. Hebu piga hesabu. Tairi yako ya 215/45 inchi 17 ina kimo cha kama milimita 625, kwa hiyo kwenye 90 inazunguka karibu mara 13 kila sekunde. Gramu 30 zikikosekana kwenye ukingo wa rimu ya 17, kwa mwendo huo zinavuta kama kilo nne hivi, juu, chini, juu, chini, mara 13 kwa sekunde. Ndo hiyo mikono yako inayoisikia.

Utasema balansi si walifanya na mashine ikaonyesha sifuri? Hapa ndo nataka ukae vizuri, maana nadhani ugonjwa wako uko hapa, na ni kitu ambacho mafundi wengi wanakiruka.

Angalia rimu kwa nyuma, kuna tundu kubwa katikati. Kwenye Premio habu ina kitako cha mviringo cha milimita 54.1, na rimu ya Toyota iliyotengenezwa kwa ajili yake ina tundu la saizi hiyohiyo, inaingia pale inakaa katikati yenyewe kabla hujashika hata nati moja. Rimu za spoti za kununua hazitengenezwi kwa gari moja, wanaacha tundu kubwa ili ziingie magari mengi, nyingi utakuta 73.1. Pale katikati panabaki uwazi wa karibu milimita tisa na nusu kuzunguka pande zote na kinachoiweka rimu katikati kinakuwa ni nati peke yake. Sasa mfungaji kashusha gari chini, uzito wote umeshalala kwenye gurudumu, anapiga nati ya kwanza kwa mashine ya upepo mpaka mwisho ndo anahamia ya pili, rimu imeshakaa pembeni kidogo na haitarudi. Ukiipeleka kwenye mashine ya balansi, ile mashine inaishika kwa koni yake yenyewe, inaiweka katikati vizuri, inasoma sifuri. Mashine haijadanganya, ila hiyo sifuri ni ya kwenye mashine, kwenye gari yako gurudumu linazunguka kwa kuruka.

Dawa yake ni rahisi mno hata aibu. Kuna ringi za plastiki au alumini zinaitwa ringi za habu, nje zina saizi ya tundu la rimu ndani zina saizi ya habu, kwako utaomba 73.1 kwa 54.1 kama tundu lako ni hilo, lipime kwanza. Zinajaza ule uwazi basi. Halafu gurudumu lifungwe gari ikiwa kwenye jeki, nati zishikwe kwa mkono zote tano, zikazwe kidogo kidogo kwa mtindo wa nyota, gari ishuke, zimaliziwe kwa spana ya kupimia nguvu. Toyota za daraja hili wanataka kama Nm 103. Fundi akisema yeye anajua kwa mkono wake, mwache aseme, ila zile mashine za upepo nimeziona zikivuta stadi, zile skrubu za habu zinazoshika nati, mpaka zinarefuka.

Ukiwa hapohapo angalia nati zenyewe. Rimu zako za chuma zilikuja na nati zenye uso wa koni. Rimu nyingi za spoti za kununua nazo zinataka koni, kwa hiyo huenda uko salama, lakini kama rimu hizi ni mtumba zilizotoka kwenye Toyota nyingine, nyingi za zile zinataka nati yenye uso bapa na washa yake. Koni kwenye bapa, au bapa kwenye koni, vyote havikai sawasawa, vinalegea, na hapo hatuongelei mtetemo tena, tunaongelea gurudumu kukupita barabarani. Na PCD yako, yaani idadi ya matundu ya nati na upana wa duara lake kwa milimita, ni 5x100. Rimu ya 5x114.3 haiingii hata kwa dua, na kuna watu wanazilazimisha kwa kupanua matundu, usikubali.

Nimesema mtumba maana umeandika "nikanunua rimu za spoti" hujasema kama ni za dukani au mtumba, tairi ndo umesema mpya. Rimu za mtumba zinapakwa rangi zinang'aa kuliko mpya, na ndani kuna iliyopinda au iliyochomelewa. Mwambie fundi wa balansi aizungushe huku umesimama mbele yake, angalia ukingo wa rimu na wa tairi. Ukiona unapanda na kushuka, au unacheza kulia kushoto, hakuna gramu za kutibu hicho, anabandika vyuma kuficha tu. Na kwenye ubavu wa tairi soma zile namba nne za mwisho za DOT, ndo tarehe ya kutengenezwa, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi "mpya" za miaka sita zilizokaa stoo ninazokutana nazo ni nyingi tu.

Haya, kuvuta kushoto. Kabla ya kumlaumu mtu, barabara zetu zimeinama kwenda kushoto ili maji yakimbilie mtaroni, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo gari yoyote nzima ukiachia stelingi itaelekea kushoto taratibu. Tafuta sehemu tambarare, uwanja mkubwa wa maegesho au barabara pana asubuhi mapema, jaribu pale mwendo mdogo na mikono iwe karibu. Kama unapita barabara za malori, ile ya Morogoro kwa mfano, kuna mifereji ya matairi yao kwenye lami, tairi pana yenye ukuta mfupi kama hiyo yako inapenda kuifuata, leo kushoto kesho kulia. Hiyo ni tabia ya tairi pana, ulipokuwa na 195 ulikuwa huisikii, na alaimenti haitaiondoa. Rimu ikiwa na ofseti ndogo kuliko ya kiwandani, yaani imetokeza nje, inazidi.

Ikivuta hata pa tambarare, anza na upepo. Stika iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, gari zetu za Japani imeandikwa Kijapani lakini namba zinasomeka, ukiona 230 hiyo ni kPa, ni kama PSI 33. Hiyo imeandikwa kwa ajili ya tairi ya kiwandani, kwa 215/45 usiende chini yake. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, kulia na kushoto zilingane. Mara ngapi nimepokea gari "inavuta" kumbe kijana wa upepo kaweka 40 huku na 28 kule.

Upepo uko sawa bado inavuta? Badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto ya kushoto ije kulia, rudi barabarani. Ikianza kuvuta kulia umempata mwizi, ni tairi. Tairi mpya kabisa inaweza kuvuta, nyaya za ndani zikikaa pembeni kidogo kiwandani inazunguka kama koni, kama bilauri ukiisukuma mezani haiendi moja kwa moja. Tairi zenye mshale wa kuzungukia usihamishe upande, peleka za mbele nyuma na za nyuma mbele. Ikiendelea kuvuta kushoto vilevile ndo tunarudi kwenye gari yenyewe. Endesha kama dakika kumi na tano bila kubana breki sana, simama, sogeza mkono karibu na rimu za mbele bila kugusa diski. Kushoto kukiwa moto zaidi ya kulia, kalipa, ile inayobana pedi za breki, imekamata, breki ndo inayokuvuta, na unaunguza mafuta bure.

Kama zile rimu za 15 hujaziuza, kuna kipimo kizuri kuliko vyote na hakina gharama. Zirudishe zote nne siku moja. Mtetemo ukiondoka na kuvuta kukaondoka, gari yako ni nzima, kesi ni ya rimu na tairi. Mtetemo ukiondoka ila kuvuta kukabaki, sasa una sababu ya kwenda kwenye mashine. Umeziuza? Basi pita njia ndefu niliyokueleza.

Twende kwenye alaimenti yenyewe ujue unalipia nini. Kuna pembe tatu. Tou ni jinsi magurudumu yanavyoangaliana ukiyatazama kutoka juu, kama mtu anayetembea vidole vikiangalia ndani au nje. Kemba ndo matege, ukilitazama gurudumu kwa mbele limelala ndani au nje. Kasta huioni kwa macho, fikiria foku ya baiskeli ilivyolala kwenda mbele, ndo inafanya uachie mikono na baiskeli iende, na ndo inayorudisha stelingi katikati ukitoka kona.

Inayokula tairi ni tou. Ikikosea digrii 0.1 tu kwa gurudumu, ambayo kwenye tairi ya kimo chako ni kama milimita moja, kila kilomita moja tairi inaburutwa kando kama mita 1.7. Ukitembea kilomita 10,000 umeiburuza kilomita 17 kwa ubavu. Ndo maana tairi inaisha upande mmoja na ukipitisha kiganja inakwaruza kama msasa ukienda huku na laini ukirudi. Lakini tou ya mbele hata ikiwa mbovu mara nyingi haivuti gari upande, magurudumu mawili yanagawana kosa. Kinachovuta ni kemba au kasta kutofautiana kulia na kushoto, gari inaenda upande ambao kemba imelala zaidi nje, au ambao kasta ni ndogo.

Kwenye Premio kama yako isiyo fo-wili, kinachorekebishika kiwandani ni tou ya mbele, basi. Nyuma ni ekseli ya kipande kimoja, hakuna bolti ya kuzungusha. Kemba na kasta za mbele hazina sehemu ya kurekebishia. Hizo bolti ulizoambiwa zipo kweli, hata Toyota wenyewe wana bolti nyembamba za kufunga shokapu kwa ajili hiyo, kwa hiyo hawajakutapeli moja kwa moja. Swali langu ni kwa nini iwe nyekundu upande mmoja tu. Kemba haihami usingizini. Kuna shimo limepiga amu ikapinda, bushi imekufa, boljointi imelegea, au shokapu imepinda. Ukiweka bolti unanyoosha namba kwenye skrini, kitu kibovu kimebaki chini. Na kuna uwezekano mwingine, hakuna ubovu wowote, mashine ilisomeshwa vibaya. Baada ya kufunga vibano gari inatakiwa isukumwe nyuma na mbele ili mashine ijue rimu au kibano kimekaa upande kiasi gani, wakiruka hapo kibano kilichokaa vibaya kinasomeka kama kemba mbovu. Na gari zetu za Japani mara nyingine hazimo kwenye orodha, kijana anachagua Corolla yoyote anaendelea. Premio yako ni NZT260, ZRT260 au ZRT261, imeandikwa kwenye bamba, mwambie.

Stelingi kukaa upande ndo kosa la wazi la waliofanya, maana umesema zamani haikuwa hivyo. Stelingi inatakiwa inyooshwe na kufungwa na kile chuma chake kwanza, ndo tairodi za kulia na kushoto zirekebishwe. Wao walizungusha tairodi bila kuifunga, labda ya upande mmoja tu, tou ikawa kijani, stelingi ikahama. Hiyo wakurekebishie bure, na uwaambie kwa upole, usigombane na mtu ambaye bado ana gari yako juu.

Siku ya kurudi huko, au kwingine, nenda mwisho kabisa, ringi zimeshawekwa, balansi imerudiwa, upepo uko sawa. Omba kabla ya vibano gari inyanyuliwe, fundi atikise gurudumu la mbele juu na chini halafu kulia na kushoto wewe ukiangalia. Likicheza, asiguse kitu mpaka kilicholegea kibadilishwe, alaimenti juu ya tairodi iliyolegea inaisha kwenye tuta la kwanza. Fundi anayekataa kuangalia hivyo, shuka na gari yako. Omba vibano vinavyoshika kwenye tairi, au kucha zake zivalishwe plastiki, na kama hana kabisa hata vipande vya mpira wa tyubu vinasaidia. Omba karatasi ya kabla na ya baada, yenye digrii, si rangi tu. Kemba ya kulia na kushoto zikipishana zaidi ya kama nusu digrii na kusomwa kumerudiwa vizuri, hapo peleka gari kwa fundi wa chini ya gari aikague kwa macho, amu na shokapu, kabla ya kununua hizo bolti.

Kukwaruzwa kwa rimu kama ni juujuu kunang'arishwa. Ila kama kibano kimeng'oa kipande ukingoni karibu na tairi linapokalia, paka maji ya sabuni uone kama yanatoa mapovu.

Nati zikazwe tena baada ya kilomita 50 mpaka 100, hiyo usiisahau maana rimu za alumini zinajikalisha. Na kwa sasa, kabla hujaenda popote, shika spana ukague nati zote 20 leo hii jioni. Mtetemo ulioanza siku ya kufunga rimu na umebaki vilevile unaweza kuusubirisha mpaka wikiendi, ila ukiamka ukakuta umezidi wa jana, au unausikia hata kwenye 40 pamoja na mlio wa kugonga, usiiendeshe kumfuata fundi. Mwite aje.